Papa, Mstari Uliopita Katikati ya Kandolo

Kwako Papa, ambaye wiki hii nimekukasirikia kuliko siku zote ulizokuwa hai,

Nakuandikia kwenye meza yako ya chakula, ile yenye mguu mmoja mfupi uliokuwa unauwekea kipande cha mbao na kusema kesho utautengeneza. Bado haujatengenezwa. Nimemaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa jiografia, mvua inanyesha tangu asubuhi, na barabara ya Bengamisa imekuwa tope tupu, hata wenye pikipiki wamekaa nyumbani. Ningeweza kujilaza kidogo. Lakini nikijilaza nitaanza tena kugombana na wewe kichwani, na humo huwa unanishinda, kwa sababu unaniita "mama", kwa jina la mama yako nililolirithi, na mimi naishiwa maneno. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza hadi mwisho. Na ninaandika waziwazi, watu wa Kandolo wasome wakitaka. Habari hii ni yao kuliko yetu.

Wewe ndiye uliyenifundisha ramani. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma. Kila majira ya viwavi, wale wa kuliwa, Jumapili baada ya misa, ulikuwa unanichukua nyuma ya kijiji, kwenye barabara ya zamani ya wakati wa Wabelgiji. Barabara kwa jina tu. Daraja lake lilikuwa limeoza kabla sijazaliwa, miti imeota katikati ya njia, na magari yote yalikuwa yamehamia barabara mpya inayopita katikati ya nyumba zetu. Huko nyuma tulibaki sisi wawili na ndoo yetu. Ndoo ikijaa ulikuwa unavunja kijiti, unachutama, unachora Kandolo kwenye udongo. Hapa kanisa, hapa zahanati, hapa kwa Mama Véronique mkunga, hapa barabara ya magari, hapa barabara ya viwavi. Kisha unafuta kwa mguu na kuniambia nichore mimi. Nikikosea upande wa mto hukunikemea. Ulinishika mabega, ukanigeuza taratibu mpaka uso wangu uangalie kule mto uliko. Leo nafanya hivyo hivyo na watoto wa watu darasani.

Nakumbuka pia uwanja wa mpira. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Wakubwa wa wakati ule walikuwa wametoa mpango wa kuigawa Kandolo kwa ajili ya uchaguzi: nusu ipige kura pamoja na watu wa mjini, nusu pamoja na sekta ya mbali kule ndani vijijini. Ninyi mlikuwa wapinzani. Ulipanda juu ya meza ya mwalimu mkuu, Tonton Alphonse, mwenzako wa upinzani, amesimama chini yako, kabla hamjagombana, ameshika kipaza sauti ambacho betri zake zilikuwa zinakufa. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Lakini maneno yale yalisikika mpaka upande wa wauza kwanga, ile mikate ya muhogo:

"Kijiji iko mutu mumoja. Ukimukata katikati, hakuna upande itabaki muzima."

Watu walisimama. Mama alilia, na Mama si mtu wa kulia ovyo. Mpango ule ulikufa, na wewe ukawa Papa wa Kandolo nzima. Nilikuwa natembea barabarani huku kifua mbele kama vile mimi ndiye niliyehutubia. Mpaka leo kuna vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile na wanakariri maneno yako neno kwa neno. Wamewahi hata kuyaandika kwa chaki kwenye ukuta wa shule yangu, nami niliwaacha, nikamkataza mlinzi asifute.

Sasa nije kwenye meza hii.

Ulikuwa umeshinda, umeingia kwenye viti vya mjini, na wamekuweka kwenye kamati ya kupanga mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa jiografia. Ulirudi Ijumaa na ramani ndani ya bahasha kubwa, nakala ya ramani ya zamani sana, ukaitandaza hapa, ukaweka sahani kwenye kona ili isijikunje. Nilifurahi. Nilidhani unanionyesha kazi, kama zamani. Niliinama nikaona mara moja kwamba barabara iliyochorwa pale ni ile ya zamani, inayopita nyuma ya kijiji. Barabara ya leo haikuwapo kabisa. Nilikuambia, tena kwa haraka ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa, kwamba ramani hii haifai, barabara hiyo ni ya viwavi.

Ulisema unajua.

Kisha ukanieleza, bila kuficha, maana hukuwahi kunificha kitu, na hilo nalo sijui nikushukuru au nikulaumu. Kandolo ilikuwa imekugeuka. Tonton Alphonse alikuwa ameanzisha chama chake, na vijana wa hapa walikuwa wake. Kijiji kikibaki kimoja kitapeleka diwani wake. Kikigawanywa, kila nusu itamezwa na watu wengi kuliko yenyewe. Lakini huwezi kukigawanya mbele za watu baada ya maneno ya uwanjani. Kwa hiyo mpaka utaandikwa kwamba unafuata barabara. Wanakamati wataangalia ramani, wataona mstari unapita nyuma ya kijiji, nyumba zote ziko upande mmoja, watasaini. Halafu wanaoandikisha wapiga kura watakuja, na wao watafuata barabara wanayoiona kwa macho, hii inayopita katikati ya nyumba. Watu wakilalamika, ramani ilikuwa ya zamani. Nani atagombana na ramani ya Wabelgiji?

Nilikuuliza juu ya uwanja wa mpira. Nilikuuliza kwa sauti ndogo, Papa, nilikuwa naogopa jibu. Ulikuwa unachonga penseli.

"Ile siku nilikuwa nasema vile, mama, sikukuwa na kalamu mukononi."

Hukucheka wala hukuona haya. Ulisema kama mtu anayemweleza mgeni saa ya mtumbwi kuvuka. Kisha ukaomba fufu, ukasema sombe ya Mama, kisamvu chake, leo ina harufu nzuri. Nikakuletea.

Yakatokea kama ulivyosema, mpaka koma. Wajumbe wa kijiji walikuja hapa nyumbani, wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti hivi. Uliwapokea kwa huzuni. Ulitikisa kichwa. Uliwaambia hata wewe umeumia, ofisi ilikupa ramani mbovu, na wewe mwenyewe hukuwa na macho ya kuona kila kitu. Mama Véronique ndiye aliyekuwa msemaji wao, na ndiye aliyekuamini wa kwanza. Tangu siku hiyo mtu yeyote akikusema vibaya, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, yeye ndiye anayemnyamazisha. Papa alipewa ramani ya zamani, anasema, mutamufanyia nini mutu mwenye alipewa ramani ya zamani. Nimemsikia akisema hivyo miaka yote hii. Mara nyingine nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, nimeshika ndoo yangu ya maji.

Nikwambie kuhusu zahanati, maana uliondoka kabla haijawa mbaya. Upepo uling'oa mabati ya wodi ya wazazi. Jengo liko upande wa chini wa barabara, ule wa sekta, kwa hiyo diwani wa mjini akasema halimhusu. Diwani wa sekta, ambaye anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, akasema wanaojifungulia pale wengi ni wa upande wa juu, wapeleke shida yao mjini. Tuliandika barua kwa wote wawili. Kila mmoja alijibu kwa adabu na kututuma kwa mwenzake. Mama Véronique sasa anazalisha wanawake chini ya turubai la bluu. Mvua ikipiga kama leo, msaidizi wake anashika fito za turubai kwa mikono miwili ili maji yaliyojaa juu yasimwagike juu ya mama na mtoto. Ndiyo maana leo siwezi kujilaza. Nasikia mvua na najua kule kuna mtu ameshika fito.

Sijamsahau Tonton Alphonse, usidhani ninakuonea peke yako. Ulipotangaza mipaka ile alipiga meza mjini, alisema umeua kijiji, alisema akishika madaraka atakuwa wa kwanza kukirudisha. Akashika madaraka. Tukaenda kumkumbusha. Akatuomba muda atazame matokeo ya kura, akayatazama, akakuta nusu ya chini ndiyo iliyomvusha kwenye sekta. Akasema mambo ya mipaka ni mazito, yanataka utulivu. Leo amestaafu, ana mvi za heshima, na ukimpitia barazani kwake utasikia mambo mazuri sana kuhusu haki ya mpiga kura. Papa, ninyi wote mlijua. Mlijua kabla ya kupanda, mkajua tena baada ya kushuka. Ni pale katikati tu, miaka mliyokuwa mmekaa kwenye kiti, ndipo ujuzi wote ulikuwa umewatoka. Nikifikiria hivyo natamani kutupa kitu ukutani.

Mwezi uliopita ikaja timu ya kupitia upya maeneo ya uchaguzi. Watu watatu, kompyuta moja, na mwanamke mpole aliyekuwa kiongozi wao. Walikaa kwenye darasa langu, watu wakajaa mpaka madirishani. Vijana walisimama wakasoma maneno yako ya uwanjani. Halafu msemaji wa mheshimiwa wetu wa sasa naye akasimama, na naye akakutaja wewe! Akasema mpaka huu uliwekwa na mtu aliyependa haki kuliko sisi sote, kosa lilikuwa la ramani tu, tusiharakishe. Pande zote mbili za darasa zilikuwa zinakusifu, na mimi nimekaa katikati kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamebana chini ya dawati.

Yule mwanamke akaeleza utaratibu, na akaueleza mara mbili ili tuelewe. Ikiwa ni kosa la ramani, linasubiri ramani mpya ya nchi na hesabu mpya ya watu, na hakuna anayejua ni lini. Ikiwa mpaka ulikatwa kwa makusudi, na kuna shahidi anayeweza kuandika na kusaini, faili linafunguliwa sasa na Kandolo inaweza kuunganishwa kabla ya uchaguzi ujao. Akauliza kama kuna anayejua jinsi mstari ulivyochorwa.

Mapumziko yalipotangazwa Tonton Alphonse alinivuta nje, nyuma ya choo cha shule. Ameshajua, au alikuwa anakisia tangu zamani. Alinishika mkono kwa upole wa kweli, Papa, alikuwa anakutetea wewe.

"Mama, sema ni ramani. Mufu hana kinywa ya kujitetea. Bon, na wewe utabaki na jina gani hapa?"

Nikamuuliza na turubai je. Akaangalia chini, akasema Mungu atafungua njia. Nilimwacha pale pale.

Unataka kujua nilifikiria nini nikirudi darasani? Nilifikiria mazishi yako. Ulizikwa upande wa chini wa barabara na nyumba yako iko upande wa juu, yaani umelala kwenye eneo ambalo hukuwahi kulipigia kura. Siku ile nililiona hilo na nikajizuia nisicheke, mbele ya jeneza lako, huku nimevimba macho kwa kulia. Nilikuwa nakupenda namna hiyo, na kujua namna hiyo, kwa wakati mmoja. Nimechoka na namna hiyo.

Nikasimama. Nikasema barabara ya kwenye ramani ni ile ya viwavi, na kwamba Papa aliijua kuliko mtu yeyote wa Kandolo, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akinipeleka kila mwaka kunifundisha kuchora. Nikaeleza meza, bahasha, penseli, mpango mzima. Kijana mmoja wa wale wanaokariri hotuba yako alikunja karatasi yake vipande vinne, akaitia mfukoni.

Mama Véronique alikuwa mstari wa mbele, bado na koti lake la kazi. Aligeuka taratibu akanitazama.

"Papa yako alijua?"

"Alijua, mama."

"Na mimi mwenye nilikuwa namutetea? Na wewe ulikuwa unanisikia?"

Nikamwambia nilikuwa nasikia.

Alikusanya mkoba wake akatoka, akasema kuna mwanamke ana uchungu tangu alfajiri na amemwacha na msaidizi. Mpaka leo hajanisalimia. Tunakutana kwenye maji, anasalimia walio kulia kwangu na walio kushoto kwangu. Sina cha kumlaumu. Alikuwa ananipa supu ya samaki nilipokuwa na malaria na wewe uko mjini kwenye vikao. Nilimlipa kwa kumwacha ajiaibishe kwa ajili yetu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kuwa binti wa Papa wa Kandolo kulinipendeza.

Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sijapata. Nina hasira na wewe asubuhi, mchana nina hasira na mimi, na jioni nakuta nimekaa upande wako wa meza. Kaka zangu wamepiga simu, mmoja baada ya mwingine, kusema nimekufukua. Vijana wamefuta chaki kwenye ukuta wa shule. Nilipoona ukuta mtupu nilikasirika, nikataka kuwaambia maneno yale bado ni mazuri, hata kama aliyeyasema hakuyastahimili. Sikuwaambia. Labda watayaandika tena wenyewe siku moja, bila jina lako chini yake.

Jana yule mwanamke wa timu alirudi na fomu ya ushahidi. Faili limefunguliwa, alisema, ila fomu lazima ijazwe kikamilifu, na ikishaingia haitoki. Alikaa kwenye kiti chako, nikamtengenezea chai. Fomu ilikuwa na maswali ya kawaida, mahali, kazi ya shahidi, uhusiano. Niliyajaza upesi. Halafu kulikuwa na swali moja ambalo pale darasani sikulijibu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza na mimi nilinyamaza: nani alichora mstari.

Nimezunguka vya kutosha katika barua hii pia, kwa hiyo nikiri. Baada ya kula siku ile ya ramani ulisema mkono wako unatetemeka na ofisi inataka wino safi. Ukanipa rula. Ukasema hakuna anayechora vizuri kama mimi, na ilikuwa kweli, na nilifurahi kuisikia. Nilipitisha wino juu ya penseli yako kutoka ukingo mmoja wa ramani hadi mwingine, sikuteleza hata mahali pamoja. Uliinua karatasi, ukaipuliza ikauke, ukanibusu kwenye paji la uso.

Lala salama, Papa. Mvua ikikata nitashuka kaburini kwako kung'oa majani, yamekuwa mengi. Usitegemee niongee sana. Niliyokuwa nayo nimeyamaliza hapa, isipokuwa hili la fomu. Nafasi ilikuwa ndogo, inatosha majina mawili kwa kubana. Mwanamke yule alinikumbusha kwamba kwa kawaida mkubwa hutangulia. Niliandika yote mawili, Papa. Nilianza na langu.

Binti yako